Sema Kwa Nani

Nyumba yangu ina namba. Kibao kimegongwa juu ya mlango tangu 2022, wakati wa ile Operesheni ya Anwani za Makazi, nchi nzima ikikimbizana na sensa ya Agosti 23. Postikodi nayo ipo. Zetu watu wa Ruvuma zinaanza na 57. Kwa makaratasi, mimi ni mtu wa kupatikana.

Haya, mwelekeze bodaboda sasa. Juzi nimemwagiza kijana aniletee mtungi wa gesi kutoka Majengo hadi kwangu huku Bombambili. Nikamtajia barabara, nikamtajia namba. Kimya.

"Shikamoo mzee. Sema kwa nani."

Nikarudia namba, taratibu, kama mtu anayesoma kuponi.

"Hiyo si namba ya simu, mzee, imepungua."

Ikabidi nishuke. Teremka na barabara ya vumbi, ukifika palipokuwa na mwembe kata kushoto, ulizia kwa Mama Upendo.

"Aaa! Si ungesema!"

Mwembe wenyewe ulishakatwa kuni, na kijana kwa umri wake sidhani kama aliwahi kula hata embe lake moja. Mama Upendo naye alihamia Mbinga zamani. Pale anakaa mwalimu mpole, kazi yake ya pili ni kutoka na kanga kiunoni kuwaelekeza wageni wangu. Mimi niliyejenga, ninayeishi humu, mjini hapa naitwa "nyuma ya Mama Upendo".

Serikali inapotaka chake lakini, hainitafuti. Kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi, inakatwa humo humo kwenye umeme wa LUKU. Haijawahi kupotea njia hata mara moja, wala kumgongea mwalimu.

Nikamlalamikia mpwa wangu anayeishi Chicago. Kosa. Akaanza kuringa. Eti kwao namba zilipangwa upya mwaka 1909, mji mzima unahesabiwa kuanzia pale barabara za State na Madison zinapokutana. Karibu kila maili moja ni namba 800. Shufwa zinakaa upande wa kaskazini na magharibi wa barabara, witiri ng'ambo. "Ukinitajia tu namba, mjomba, najua niko umbali gani na upande gani, hata sijawahi kufika."

Nikamuuliza: hizo mia nane zenu zilipitaje kwenye michongoma ya jirani?

Hakunielewa, maana aliondoka mdogo. Huku tulianza kujenga, mpimaji akaja baadaye na bikoni zake, akikuta kila mtu ameshaweka bati. Barabara ikabidi ijipenyeze panapobaki. Na panapobaki, jirani yangu ana michongoma. Mimea hii wengine hupogoa, yake inatembea. Kila masika inasogea nusu hatua kuelekea barabarani, nyuma yake linafuata tofali moja, kisha la pili, kimya kimya, bila ugomvi. Zamani Fuso la mahindi lilikuwa linapita hapo likielekea maghala ya Ruhuwiko. Sasa Bajaji inakunja vioo. Mwaka jana tulipofiwa, gari la jeneza lilisimama juu huko, wanaume tukabeba begani, na wa kushoto walifika makaburini mashati yamechanika. Jirani alikuwa miongoni mwa wabebaji. Alishika upande wa kulia.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaja na daftari, akapima kwa hatua zake, akaguna, akauliza barabara hii inaitwaje. Tukatazamana. Nguzo yenye jina ilikuwa haionekani.

"Ipo, ipo," jirani akasema, akatufungulia geti. Kweli, ipo ndani ya ua, imara, rangi haijapauka hata kidogo. Amefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka hapo hadi kwenye mpapai.