Moshi wa Bure

Nawahurumia wapiga picha wa Ulaya. Mtu anafunga madirisha, anatundika kitambaa cheusi, anawasha kijiti cha udi, anaweka flashi ubavuni, kisha anabana pumzi moshi usivurugike. Halafu kompyuta: anageuza nyeusi iwe nyeupe, anatia zambarau kidogo. Jasho lote hilo, uzi mmoja wa moshi!

Njoo Bunia, ndugu yangu. Udi wa nini? Anza na makala mabichi ya mama jirani, yale yanayomliza kabla sombe haijachemka. Hayo ni ya kujifunzia. Ukihitimu, geukia upande wa Djugu. Huko moshi ni mnene, umekolea nyasi za paa. Flashi iache nyumbani, usiku mwanga unatoka hukohuko, tena na mlio wake. Kuhariri nako usijisumbue: wakubwa wana taarifa zao, na kufikia saa nne asubuhi anga huwa samawati tupu.

Wala usikimbilie tiketi. Utawala wa kijeshi tulioletewa tarehe 6 Mei 2021 ulitangazwa kuwa wa siku 30.