Ni cha Kozi Gani?

Kwetu Deltani, kwenye Delta ya Rufiji, mpunga ukianza kushika punje mtu hakai nyumbani, anahamia dunguni. Dungu, kwa msomaji asiyelijua, ni kibanda kilichopandishwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ili kiboko apite chini na wewe ulale juu, kila mmoja na shughuli zake. Mchana unawinga ndege, usiku unafukuza nguruwe. Katikati hapo kuna saa nyingi zisizo na mwenyewe. Simu inashika mtandao ikijisikia, na chaji ni ya kuomba kwa jirani mwenye sola. Nitajieni kazi nyingine iliyoumbwa kwa ajili ya riwaya kuliko hii, nami nitaacha kunung'unika.

Mimi ni mwalimu niliyerudi shule ukubwani. Nasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam ambacho sikitaji, kwa sababu bado hakijanipa cheti. Likizo ndefu ilipokaribia, niliingia maktabani kutafuta kitabu cha kwenda nacho dunguni. Maktaba yenyewe ni ghorofa juu ya ghorofa, ina viyoyozi na viti vya kuzunguka. Humo, nikajua, hadithi haiwezi kukosekana.

"Shikamoo mwalimu," binti wa kaunta akanisalimu.

"Marahaba. Natafuta riwaya."

"Ni ya kozi gani?"

"Si ya kozi, mwanangu. Nataka kusoma tu."

"Kusoma tu?" Akamwita mwenzake. "Njoo umsikilize baba huyu, anasema anataka kusoma tu." Mwenzake akaja, akaniuliza kwa upole sana kama nimesajiliwa.

Wakanielekeza kwenye kompyuta, na huko ndiko nilikojua kwamba Waswahili tumetawanywa. Vitabu vya chuoni hapo hupangwa kwa mtindo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Mabwana wale wa Washington walizikusanya lugha za Asia ya Mashariki, za Afrika na za visiwa vya Pasifiki, wakazipa alama moja, PL. Kwa hiyo Shaaban Robert wetu anahesabiwa ukoo mmoja na Wachina na Wajapani. Adam Shafi wa Zanzibar yumo humo pia. Lakini Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwenziwe, aliyepata Nobeli mwaka 2021, kwa kuwa anaandika Kiingereza yuko PR pamoja na Shakespeare, ghorofa nyingine. Hata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, kwa kanuni inamfuata mama yake kulekule kwenye Kiingereza. Ukitaka kuwasoma Wazanzibari wawili unapanda ngazi mara mbili, na goti langu la kushoto halina maoni mazuri kuhusu mfumo huo.

Nikapanda. Vuta n'kuvute ya Shafi haikuwepo rafuni. Imewekwa akiba, kwa sababu wanafunzi wa kozi fulani wanaihitaji, na ya akiba inasomwa palepale kwa saa mbili, kisha unarudisha. Riwaya kwa saa mbili! Hata na Yasmini, msichana wa riwaya hiyo, hamjaelewana vizuri, muda umekwisha.

Zile zinazoruhusiwa kutoka nje ya mlango nazo zimeshapitiwa na watu wa mitihani. Nilifungua Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960, nikijiandaa kuhangaika pamoja na mpelelezi wake, Bwana Msa. Mtu mwema ameshaandika jina la muuaji kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, na kulipigia mstari. Kila ukurasa una "DHAMIRA" pembeni, na kila mvua ikinyesha ni "TASWIRA". Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, na watu wakaitafuta kwa udi na uvumba wakaisoma mpaka mwisho. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa ya mtihani, sasa watu wanasoma madesa yake.

Nikamtafuta Elvis Musiba. Tasnifu zinazomchambua mpelelezi wake, Willy Gamba, zipo, zina majalada magumu na maandishi ya dhahabu. Willy Gamba mwenyewe hayupo. Nikamtafuta Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, hali ni ileile: wamewekwa wapelelezi wa wapelelezi.

Na wala si kwamba Delta haina visa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikaja kujificha kwenye mito yetu hii. Wakaiwinda kwa meli na kwa ndege, wakaimaliza Julai 1915. Aliyekichukua kisa hicho akakipeleka duniani ni Wilbur Smith, mzaliwa wa Rhodesia ya Kaskazini, katika Shout at the Devil ya mwaka 1968. Filamu yake ilitoka 1976, Lee Marvin na Roger Moore wamo. Mikoko yetu haikuitwa, picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta. Kitabu hicho chuoni kwetu kipo kwenye kompyuta, rafuni hakipo.

Kilichojaa rafuni ni ripoti. Mikoko ya Rufiji ni maelfu kwa maelfu ya hekta, na nadhani kila hekta ina ripoti yake. Kwa kuwa sikutaka kurudi mikono mitupu, nikaazima moja, nikaipandisha basi Mbagala, ikafika Kibiti salama, ikavuka maji, ikapanda dunguni. Mama, ambaye macho yake hayaelewani tena na herufi ndogo, akaniambia nimsomee. Nikamsomea pale panapoeleza mkoko wa mchu unaota wapi na wa mkandaa unaota wapi. Akasikiliza kwa adabu zake zote.

"Aliyeandika hayo alikuwa amepotea?"

"Hapana mama, alikuwa anafanya utafiti."

"Si angetuuliza. Huko chuoni kwenu hawana hadithi?"

Nikamwambia zipo, ila ni za kozi.

Wakuu wa maktaba za vyuo, ombi langu halihitaji mfadhili wala kamati. Tengeni rafu moja karibu na mlango. Muwaweke humo Musiba, Mtobwa, Shafi, Gurnah na hata huyo Smith, bila kujali herufi zao, na mturuhusu kuazima likizo nzima pasipo kuulizwa kozi. Na wewe msomaji mwenye Kufa na Kupona ya Musiba ambayo kurasa za mwisho bado zipo, ukipita barabara ya Kilwa, iache kwa wauza korosho pale stendi ya Kibiti, useme ni ya mwalimu wa Deltani. Itanifikia. Wataisoma kwanza wao, lakini itanifikia.