Jinsi ya Kutalii Bandari Isiyo na Bahari

Shemeji yangu alikwenda Hamburg mwaka juzi, akarudi na picha 300 kwenye simu. Tulikaa sebuleni jioni nzima tukizitazama. Zaidi ya nusu zilikuwa za makontena. Makontena yanashushwa melini, makontena yamepangwa kama matofali, kontena jekundu na nyuma yake jua linazama. Na alikuwa ameyalipia. Kule watu hukata tiketi, wakapanda boti, wakazungushwa bandarini huku mtu mwenye kipaza sauti akiwaambia lipi ni lipi.

"Kontena, shemeji?" nikamwuliza.

"Kontena," akanijibu, bila aibu.

Mimi nakaa Tunduma, Mkoa wa Songwe, mpakani na Zambia. Nikifungua dirisha, kontena. Nikilifunga, honi. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba tumeikalia mali bila kujua, na kwamba kinachokosekana hapa si kivutio, ni mwongozo tu. Nimeuandika.

Kwanza, jinsi ya kufika. Usidanganywe na jina. Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe. Uko Mkoa wa Mbeya, na ulianza kazi mwaka 2012, wakati mkoa wenyewe ulizaliwa 2016. Makao makuu ya Mkoa wa Songwe nayo hayako Wilaya ya Songwe, yako Vwawa, wilayani Mbozi. Mto Songwe ni miwili: mmoja unamwaga maji Ziwa Rukwa, mwingine Ziwa Nyasa, mpakani na Malawi. Mgeni akikuuliza Songwe ni wapi, mwambie "mbele kidogo" na utakuwa hujasema uongo. Basi lolote la kutoka Mbeya likifuata barabara kuu kuelekea magharibi litakufikisha. Beba koti. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya huku haina adabu, na walioko kwenye foleni watakucheka ukija na ndala.

Hutahitaji kibao cha kukukaribisha mjini. Malori yatakukaribisha. Siku nyepesi foleni inaanzia karibu na geti la mpaka, siku nzito utaikuta Mpemba, na ikichachamaa inarudi nyuma kuelekea Vwawa. Hii ndiyo pwani yetu. Wenzetu wa Hamburg wana ukingo wa mto Elbe, wanatembea wakila aiskrimu, sisi tuna ukingo wa lami na mahindi ya kuchoma. Tembea upande wa kushoto wa foleni, maana huko ndiko kwenye majiko.

Jifunze kusoma mizigo, la sivyo utakuwa umetazama matairi tu. Yanayokwenda Zambia na Kongo yamebeba mafuta, mbolea, salfa ya migodini, na magari ya mitumba. Yanayorudi Dar es Salaam ndiyo yenye mtego. Utaona tela refu limefunikwa turubai, na chini ya turubai kama hakuna kitu. Mtalii mgeni husema, "Maskini, huyu anarudi mtupu." Mtupu! Hiyo ni shaba. Mabamba yake hufungwa vifurushi na kupangwa sakafuni, na kwa uzito wake lori linakuwa limeshiba kabla mzigo haujafika kiunoni. Ukitaka kuonekana mwenyeji, tazama turubai lililolala chini, kisha piga mluzi taratibu.

Sasa kivutio chenyewe. Ubavuni mwa tela kuna sanduku la bati lenye mlango unaofunguka kwa chini. Ukifunguka, mlango unakuwa meza. Ndani kuna sufuria mbili zilizoingiliana, chupa ya mafuta, chumvi kwenye kopo la maziwa, mwiko, na jiko. Hilo ndilo jiko la dereva, na karibu kila lori kwenye foleni ni nyumba. Kuna soksi zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Kuna kipande cha kioo kingine kimefungwa kwenye bampa kwa waya, na mtu ananyolea ndevu.

Adabu za kuzuru nyumba hii ni chache. Salimia kwanza. Mimi nilimwamkia mzee mmoja, "Shikamoo, mjomba," akaitikia marahaba na kunionyesha tairi la akiba nikalie. Utingo wake alikuwa anachambua dagaa kichwa kimoja kimoja, kwa utulivu wa mtu asiye na pa kuwahi. Nikafanya kosa la kigeni, nikauliza wamekaa siku ngapi.

"Siku usiniulize, mwanangu. Niulize unga."

Akatoa mfuko sandukuni. "Kilo kumi, nilitoka nazo Dar." Akaukunja mdomo wa mfuko, akakunja tena, akakunja tena mpaka karibu na kitako, kisha akanifungulia nichungulie. Ulikuwa umebaki ugali wa watu wawili, nao wasiwe na njaa sana.

Usiulize pia kinachochelewesha. Utaelezwa, na maelezo yana matawi: mtandao, karatasi, upande wa pili, karatasi ya upande wa pili. Wewe jua tu kwamba tangu 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walipokizindua kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Urefu wa hiyo mara moja haukuwekwa kwenye hotuba.

Kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kunahitaji hati ya kusafiria, kadi ya njano na uso mkavu. Vijana wa bodaboda watakuambia kuna njia fupi. Mwongozo huu hauzijui njia hizo, wala haujui kwamba zipo. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukiondoka saa saba mchana unafika saa sita, na unaweza kula chakula cha mchana mara mbili bila kuitwa mlafi: huku ugali, kule nshima. Ni kitu kilekile. Usiseme hivyo kwa sauti, upande wowote.

Fedha badilisha kwa utulivu, na hesabu mwenyewe mara mbili. Ukipewa noti za kwacha zenye masifuri mengi, zirudishe: Zambia walifuta sifuri tatu mwanzoni mwa 2013, na wapo ambao walilala mamilionea wakaamka na elfu chache.

Reli ya TAZARA ipo pia, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa Wachina miaka ya 1970. Kwa mtalii mwenye haraka, itazame tu. Bomba la mafuta la TAZAMA halitazamiki kabisa. Limefukiwa toka Dar hadi Ndola tangu 1968, na katika ukanda huu wote ndilo pekee lisilokaa foleni.

Shemeji alipokuja kutembea, nilimsimamisha karibu na geti nikampa historia kidogo, maana mtalii wa Ulaya bila historia hajisikii amelipia. Nilimwambia hivi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliketi Berlin wakagawana. Wajerumani walipata Heligoland, kisiwa kidogo kilichoko baharini mbele ya mdomo wa Elbe, yaani njia ya meli za Hamburg. Katika mkataba huohuo Waingereza walitambuliwa kuwa walinzi wa Zanzibar, na mstari ukapitishwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wa hapa, ambao hawakualikwa, waliamka wajomba zao wako nchi nyingine. "Kwa hiyo," nikamwambia, "wewe ulipanda boti kutazama nusu ya karatasi. Nusu yake nyingine ni hili geti."

Akapiga picha kontena lililokuwa linapita.

Nikaona nimpeleke kwenye Kimondo cha Mbozi, ambako nashauri kila ziara iishie. Ni pande la chuma cha kutoka angani, urefu wa kama mita 3, linakadiriwa kuwa na tani 16. Wanasayansi walilijua mwaka 1930. Wakati ule sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa, ikabidi kilima kichimbwe kulizunguka. Pembeni utaona alama za misumeno ya waliotaka kuondoka na kipande. Kwa hesabu za Tunduma ni nusu ya mzigo wa semitrela, na ndio mzigo pekee mkoani ulioingia bila wakala wa forodha, bila kuulizwa karatasi, na haukupanga foleni.

Nilimweleza shemeji yote haya. Akalizunguka mara mbili, akaligusa, akapiga picha moja tu. Kisha akatazama huku na huku, akaniuliza kontena lake liko wapi.