Dohani Yenye Kauli

Glasgow, mwezi wa Januari

Ami yangu mpendwa,

Sisi sote tu wazima, baridi ikiwa ndiyo maradhi yetu ya pekee. Katika waraka wako umeuliza yawaje mtu mwenye kazi na mshahara apoteze msimu mzima akitaka shauri la kununua moto, ilhali huko kwetu Mackinnon Road moto ni mafiga matatu, kuni na kibiriti. Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa stempu haipungui bei kwa ufupi wa maneno.

Nyumba tunayokaa ni ya mawe mekundu, ya zama za Malkia Victoria, na kila sebule yake ilijengewa meko ya makaa ya mawe, ambayo dohani zake hupanda ndani ya kuta, kila moja na njia yake, hata zikatokeza juu ya paa kwa safu ya vyungu vya udongo. Baada ya ule ukungu wa moshi uliowaua maelfu ya watu London mnamo Desemba 1952, ikatungwa sheria ya hewa safi ya 1956, na makaa yakaanza kuipisha gesi. Lakini dohani zilibaki, hazina kazi ila zina masharti. Na baridi hii haikuanza nasi: Sir William Mackinnon mwenyewe, ambaye mji wetu unaitwa kwa barabara yake, alifanya kazi humu Glasgow kabla ya kwenda Bara Hindi mwaka 1847, na tangu nilipoonja Januari ya hapa sijiulizi tena ni nini kilichomvuta kutaka njia ya kupita nyika ya Taru. Biashara naisadiki, lakini nadhani jua nalo lilikuwa na fungu lake.

Basi tulikwenda dukani, mimi na mke wangu, tukidhani moto huchaguliwa kama kanga za Biashara Street. Muuzaji hakutuuliza tunapenda nini, wala tuna kiasi gani. Aliuliza dohani yetu ina upana gani. Zile za kale za matofali aghalabu huwa na inchi 7 au zaidi, na nyumba zilizojengwa baadaye zikapewa njia nyembamba, nyingine za inchi 5 na nyingine za matofali ya saruji yenye tundu bapa. Na kila moto huandikwa unafaa dohani za namna gani. Huko kwetu moshi hupanda uchagani, ukayakinga mahindi na fukusi, kisha ukajitokea katika makuti kwa hiari yake. Huku hauna kazi yoyote, na umejengewa njia yake mahsusi.

Mke wangu aliupenda moto ulio wazi, wenye makaa ya bandia na ndimi za manjano, mzuri wallahi, ila joto lake jingi hupaa kwenda kuwapasha kunguru. Wenye kioo mbele hulibakiza joto chumbani. Uko pia usiohitaji dohani, unaotoa pumzi yake kwa bomba lililotoboa ukuta wa nje, lakini ukuta wa meko yetu ni shirika na jirani, na kuutoboa ni kumpelekea gesi na kujiletea kesi. Fauka ya hayo, moto wa gesi unaotumia dohani ukizidi kilowati 7, huhitaji tundu la hewa lisilozibwa daima. Yaani mtu aliyekwisha kuziba kila ufa kwa vitambaa atoboe ukuta ili baridi iingie kwa idhini.

Haijuzu kwa mtu kugusa gesi ila fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Fundi wetu alitoa dohanini gunia la vijiti vya kiota cha ndege, akawasha kidonge cha moshi mekoni, akanituma barabarani nitazame utokee chungu kipi. Nilisimama mvuani, shingo juu, na vyungu vyote vikaninyamazia. Moshi ulitokea dirishani kwa bibi wa ghorofa ya tatu, naye akafuatia, paka kwapani, akinena kwa lafudhi ya Glasgow maneno niliyoyafahamu kwa sauti tu.

Kumbe chokaa baina ya dohani yetu na yake imeliwa na masizi. Hapo kicheko kilikoma, kwa sababu gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, inayoshika mahali pa oksijeni katika damu ya mtu aliyelala. Ndiyo maana tangu Februari 2022 sheria ya Uskoti inataka king'ora cha hewa hiyo katika kila chumba chenye moto wa gesi au dohani yake.

Tumekata shauri: moto wa kioo, chini ya kilowati 7, na ndani ya dohani mrija wa chuma cha pua tangu mekoni hata chunguni, ambao bei yake imeushinda moto wenyewe. Fundi alifunua daftari lake, akatupa siku ya kazi katikati ya Mei. Kwa hiyo, Ami, ukipita kaburini kwa Seyyid Baghali Shah, niombee dua mmoja wa waliotutangulia aghairi. Asidhurike, aghairi tu.

Ni mimi mwanao