Inveta, Pasi na Vitambaa vya Kukhu

Ndugu yangu uliyeoa, wewe utanielewa. Hapa Kitale mvua ikinguruma tu kule Mlima Elgon, stima inapotea. Ndiyo maana tuna inveta, ile nyepesi ya kugeuza volti 12 za betri kuwa 240. Mimi niliinunua, kutawala hutawala wengine. Mama watoto, Waziri wa Nishati, huchomeka pasi. Binti yetu, Afande, huchomeka simu za mtaa mzima. Naye mama mkwe, ambaye watoto humwita Kukhu, huifunika.

Kukhu ni wa Bungoma. Kulala kwetu halali, mila haimruhusu, lakini kila akipita kusalimia wajukuu huacha kitambaa cha kufuma. Viti vimevaa, redio imevaa, chupa ya chai imevaa. Inveta nayo ikavishwa, feni na yote. Usiniulize kwa nini sikukitoa. Kwa Wabukusu, mimi na mama mkwe hata mkono hatupeani. Nitaanzia wapi kuvua kitambaa chake?

Siku ilipotoa moshi, nikaipakata kwenye matatu, Kiminini, Kamukuywa, Chwele, hadi Bungoma kwa shemeji yangu, Profesa. Huyo hashiki bisibisi kabla ya ugali. Nikapewa firigisi kama mkwe, nikasikiliza kesi ya shamba la jirani toka mwanzo, ndipo akafungua.

Mosfeti mbili, zile swichi zake za ndani, zilikuwa zimepasuka. Akaweka mpya, akawasha bila mzigo: baridi. Akatia balbu kubwa, akasubiri kidogo, akazima na kugusa. Upande mmoja vuguvugu, mwingine haushikiki.

"Shemeji, kitambaa kingechemsha pande zote," akasema. "Huu upande una ugonjwa wake."

Akapima rezista ya geti upande huo. Ilikuwa imeungua, thamani imepanda mbali. Mosfeti hizi hufunguka na kufunga makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na geti ni mlango wa kusukumwa haraka. Rezista ikizuia, mlango unakwama nusu wazi, na hapo ndipo joto huzaliwa. Akanipigia hesabu kwenye karatasi ya sukari: ampea 25 zikipita kwenye mosfeti iliyofunguka sawasawa, yenye omu 0.008, joto ni wati 5. Ikibaki nusu wazi, ikala volti moja tu, ni wati 25. Kitambaa na pasi vilimalizia kazi, kwani pasi ya wati 1000 peke yake huvuta zaidi ya ampea 83 kwenye betri.

Akabadilisha rezista, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akarudisha vipande vya maika, akakaza skrubu. Upande ule ukapoa. Kisha akatoa amri: mzigo upunguzwe, feni isifunikwe.

"Basi mpigie mama yako umwambie."

Profesa akakohoa. Yeye, akasema, ni fundi wa stima tu.

Waziri ndiye aliyepiga. Kukhu hakuchukia hata kidogo. Alileta kitambaa kingine, chenye tundu la feni, amekipima kwa macho na kikakaa sawa kabisa. Na mzigo? Waziri aliupunguza jioni hiyo hiyo bila ubishi. Pasi imebaki. Kilichochomolewa ni runinga, mpira ukiwa kipindi cha pili.