Mwongozo wa Kupiga Mbizi Chumbani, kwa Wakazi wa Njombe na Makambako

Bahari iko mbali, lakini kila Juni na Julai wapiga mbizi hawakosekani huku kwetu. Vifaa vyao ni jiko la mkaa, dirisha lililofungwa na kanga iliyosokomezwa chini ya mlango. Humo ndani wanavuta gesi inayowaka, kaboni monoksaidi. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa ndiyo yenyewe ikiungua. Mwali ukipotea makaa yakabaki mekundu, tunasema jiko limekolea vizuri, tunaliingiza chumbani. Gesi bado inatoka, ila sasa haiungui. Inajaa chumba.

Kwanza basi, jua unachovuta. Mhandisi wa Sweden, Arne Zetterström, alijua. Mwaka 1945 alizama mita 160 katika Bahari ya Baltiki akivuta haidrojeni asilimia 96 na oksijeni asilimia 4, kwa sababu oksijeni ikiwa kidogo kiasi hicho mchanganyiko haulipuki. Gesi yake haikumwangusha. Alikufa kwa kosa la waliokuwa wakimpandisha. Mzamiaji huweka roho yake mikononi mwa watu walio juu, walio macho. Chumbani kwako baba, mama na watoto wote wamelala. Nani atakuvuta?

Usisubiri mlipuko. Kaboni monoksaidi haiwaki hewani mpaka ifike kama asilimia 12, na kabla ya hapo imeshaua zamani: asilimia 0.3 tu inaweza kummaliza mtu kwa nusu saa. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, maana gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja nalo si la kuaminiwa.

Baridi ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si ya kubeza, na simlaumu mama anayehofia kichanga chake. Jiko libaki nje, lichemshe maji. Yatie kwenye chupa ngumu, funga vizuri, viringisha kwa kitambaa kinene, weka katikati ya mablanketi kabla watoto hawajapanda kitandani. Na wewe msafiri wa Songea uliyelala gesti Makambako, ukiletewa jiko, likatae. Omba blanketi la pili.

Ukiamka kichwa kizito, kichefuchefu, miguu haina nguvu, toa watu wote nje, hata kwa kutambaa, kisha hospitali usiku huohuo. Mwambie daktari jiko lilikuwa ndani. Asipoambiwa anaweza kuanza na kipimo cha malaria, na mgonjwa anahitaji oksijeni sasa hivi.