Duara Likitema, Dereva Ni Mimi

Ukitaka kujua Watanzania tuna huruma kiasi gani, waambie hunywi pombe. "Pole sana. Vidonda vya tumbo?" Sina vidonda vya tumbo. "Basi uko kwenye dozi." Siko kwenye dozi. "Aah, umeokoka!" Kanisani naenda, lakini nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wokovu wangu haujafikia hatua ya kutangazwa. Nikisema sinywi kwa sababu sipendi tu ladha yake, mtu ananitazama kama nimemwambia sipendi hela. Siku hizi nimechoka. Nasema nina vidonda vya tumbo, wanaridhika, wananiletea soda. Ya moto, maana za baridi zote zimechukuliwa na wanaochanganyia konyagi.

Na msiniambie ni jambo dogo. Hapa Kahama nimechangia harusi nyingi kuliko nilizokula. Kadi yangu bei yake ni ileile ya jirani yangu wa meza, ambaye ikifika saa tano usiku tayari ana ukuta wa chupa mbele yake na anamwita bibi harusi "mwanangu" wakati hamjui. Mimi nimekunywa soda mbili. Sijawahi kuona mweka hazina wa kamati akinifuata na chenji.

Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Nyarugusu na kusema, "Shemeji, duara limetema," nilifurahi kwa muda wa dakika moja, halafu nikaanza kuogopa.

Kwa msomaji asiye wa ukanda wetu: duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na halitemi dhahabu hovyo. Unaweza kushusha watu miezi minane, unawalisha, unanunua matimba ya kuzuia kuta, unanunua mafuta ya pampu ya kutolea maji, na mwisho wa yote unapata mawe ya kujengea choo. Siku likitema, mwenye duara si yule uliyemjua. Zamani walikuwa wananunua ng'ombe, jambo ambalo Msukuma yeyote analielewa. Siku hizi wamepata simu zinazoonyesha mambo ya mbali. Shemeji alikuwa ameona watu wakizungusha glasi, wakiingiza pua ndani, wakifumba macho kama wanasali. Akauliza, akaambiwa mambo hayo hayahitaji pasipoti, yapo Dodoma.

"Tunakwenda kuonja waini, shemeji. Kistaarabu."

"Shemeji, si unajua mimi sinywi?"

"Ndiyo maana nakupigia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Noah ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, watu sita walikuwepo. Alichokosa ni dereva ambaye wakati wa kurudi bado angekuwa anajua kulia na kushoto.

Tuliondoka Kahama alfajiri mwanzoni mwa Septemba, abiria sita na mimi. Yupo shemeji, yupo mzee mwenye karasha, ambaye ameponda mawe ya watu miaka mingi hadi akizungumza anapaza sauti kana kwamba mashine bado inawaka, na vijana wanne wa duarani waliovaa mashati mapya yenye mikunjo ya dukani. Isaka, Tinde, Nzega, Igunga. Niliposema tumefika mlima Sekenke, kosa likawa langu, maana niliongeza kwamba Wajerumani walichimba dhahabu hapo tangu mwaka 1909. "Simamisha gari," mzee akasema. Nikasimamisha. Wakashuka wote. Mzee akaokota jiwe, akalimwagia maji yangu ya kunywa, akaliinamisha juani, akaligeuza, akalimwagia tena. Kijana mmoja akasema lina dalili. Mwingine akasema hilo ni la kawaida. Tulipoteza dakika arobaini na chupa mbili za maji kwa ajili ya jiwe lililotupwa kwenye mtaro.

Dodoma tulilala, na asubuhi tukapelekwa nje ya mji kwenye kiwanda kidogo, jina lake nitalimeza, chenye shamba lake la mizabibu pembeni. Aliyetupokea ni binti mmoja mpole, mwenye aproni nyeusi na subira ya mwalimu wa chekechea. Akatueleza kwamba zabibu zililetwa na wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji divai ya altare, kule Bihawana, na zikaipenda ardhi ya Ugogo. Mvua ya pale kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600, jua halina adabu, na ukame huo ambao mkulima wa mahindi anaulilia ndio mzabibu unaoutaka. Wanavuna mara mbili kwa mwaka, wakati mashamba mengi ya Ulaya yanavuna mara moja. Nikawaza Shinyanga yetu, nayo inayobahatisha mvua, iliyokatwa miti hadi serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 ili turudishe ngitili, malisho yetu ya kutengwa. Sisi tulirudisha migunga na nyasi za ng'ombe. Kumbe jirani zetu kwenye ukame uleule walikuwa wanapata divai.

Halafu binti akasema, "Sasa twende mkaone mchuzi."

Nikiri kwamba hapo niliamka. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na chapati moja. Nikamfuata mbele ya wote, nikijiambia kwamba wametukarimu, pengine kuna na wali. Tukaingia kwenye jengo la baridi lenye matangi ya chuma marefu kuliko nyumba yangu. Akagonga tangi moja kwa kucha. "Mchuzi wa zabibu ni huu." Hivyo ndivyo Dodoma wanavyoita zabibu iliyokamuliwa ambayo bado haijawa kinywaji kamili. Mkulima akikosa mnunuzi wa zabibu mbichi, anazikamua, anauza mchuzi. Nyama hamna, wali hamna. Kijana wa duarani aliyekuwa nyuma yangu akaguna. Nikajua si peke yangu.

Somo likaendelea. Zabibu nyekundu ukiikamua, maji yake ni meupe. Wekundu unatoka kwenye maganda yanapolala pamoja na mchuzi. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi. Ikiila yote, mvinyo ni mkavu. Sukari ikibaki, mvinyo ni mtamu.

Nikanyoosha mkono. "Samahani dada. Mkavu vipi, na umo kwenye chupa?"

"Ni namna ya kusema, kaka. Hauna sukari."

"Lakini ukimwagika, nguo zinalowa?"

Shemeji akanikanyaga. Sikuridhika. Kitu kinachomiminwa kitaitwaje kikavu? Uji usio na sukari sijawahi kusikia ukiitwa uji mkavu.

Tukaketi kwenye meza ndefu. Mbele ya kila mtu glasi nne, bilauri ya maji, sahani ya vipande vya mkate, na katikati ndoo ndogo za chuma. Kwa kuwa nilikuwa nimeshatangaza hali yangu (vidonda vya tumbo, sikutaka mjadala), niliomba juisi ya zabibu. Binti akasikitika. Juisi huwa wanayo, lakini jana yake lilikuja kundi la wanafunzi wa shule ya msingi, wakaimaliza. Fikiria nchi yenyewe. Kiwanda kizima cha zabibu, na mtu mzima anakosa zabibu kwa sababu ametanguliwa na darasa la nne. Nikaambiwa maji yapo. Maji yenyewe yalikuwa ya kusuuzia kinywa kati ya glasi na glasi, na mkate ulikuwa wa kufuta ladha. Mimi sikuwa na ladha ya kufuta. Nikala mkate wangu, nikala wa kijana wa kulia, nikanywa jagi zima.

Binti akaonyesha: mimina kidogo, zungusha, nusa, weka mdomoni, utembeze ulimini, kisha tema kwenye ndoo.

Pakawa kimya.

"Tema?" mzee wa karasha akauliza, kwa sauti yake ya mashine.

"Ndiyo mzee. Waonjaji wanatema, ili wasilewe kabla ya kumaliza."

Watu sita wakatazamana. Hawa ni watu ambao kwao duara kutema ni baraka, ni ng'ombe, ni bati la nyumba ya mama. Na sasa wanaambiwa wakae, walipie, wapewe mali mdomoni, halafu wateme wao. Shemeji akasema kwa heshima kwamba atajaribu. Alijaribu, koo likamshinda. Wengine hawakujaribu.

Mzee yeye alikuwa anatazama ndoo. Binti alikuwa ametema mara mbili kwa kuonyesha mfano, na wageni wawili wa meza ya jirani walikuwa wanajaza ya kwao kwa nidhamu. Mzee akainama karibu na binti.

"Mayu, samahani. Haya marudio mnamuuzia nani?"

Binti hakuelewa. Ikabidi nitafsiri. Kwetu, jiwe likishapondwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, zebaki haikamati dhahabu yote. Mchanga unaobaki unaitwa marudio, na hautupwi hata siku moja. Unarundikwa, unalindwa usiku, unauzwa kwa wenye mitambo wanaoukamua tena kwa sayanidi. Wapo waliotajirika kwa marudio ya wenzao. Mzee alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa ya kibiashara.

"Tunamwaga," binti akasema.

Mzee akanyamaza muda mrefu. "Wabeja," akashukuru mwishoni, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za msiba, akanywa glasi yake yote.

Mimi sasa. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Lakini kukaa kwenye meza ya kuonja bila kuonja ni sawa na kukaa kanisani wakati wa sadaka bila sarafu. Mikono inakosa pa kwenda. Nikainua glasi, nikazungusha, nikanusa tu. Kunusa si dhambi wala si kunywa. Na pua yangu, ambayo haijapigwa na moshi wala kilevi tangu izaliwe, ikafanya maajabu. Glasi ya kwanza, nyeupe, nikasema inanuka ndimu na maji ya mvua kwenye bati. Ya pili nikasema embe ambalo halijaiva upande mmoja. Binti akanisogelea. Ya tatu ilikuwa nyekundu, ya zabibu inayoitwa Makutupora, jina la pale Dodoma palipo kituo cha utafiti wa zabibu. Nikafumba macho. "Michembe," nikasema. "Ile ya mwaka jana, kwenye kihenge, siku mama anapofungua kifuniko."

Binti hakujua michembe. Nikamweleza viazi vitamu vinavyokatwa, vinavyokaushwa juani, vinavyohifadhiwa kwa ajili ya njaa. Akatoa kalamu akaandika. Ameandika kwenye daftari la kiwanda! Upande wa pili wa meza, shemeji, aliyekuwa kwenye glasi ambayo hakuna tena aliyeihesabu, aliulizwa ananusa nini. Akavuta pumzi kwa nguvu. "Hela," akasema.

Ndipo binti akanishawishi. "Kaka, wewe una pua. Onja moja tu, ukitema hujanywa." Nikawaza mama wa Kiislamu pale mtaani kwetu, mwezi wa Ramadhani, anavyoonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi na kuitema, na swaumu yake iko palepale. Na huu si unaitwa mchuzi? Nikaweka mdomoni. Nikautembeza. Ulikuwa na ukali wa ukwaju uliosahauliwa kwenye sufuria ya alumini, ukifuatiwa na kitu kinachokausha fizi kama ndizi mbichi. Aa! Kumbe ukavu wenyewe ndio huo. Nikageukia ndoo, nikatema kwa ari ya mtu asiye na uzoefu, nusu ikaingia ndooni na nusu ikaingia kwenye shati langu jeupe.

Jioni tukaanza safari ya kurudi ili tulale Singida. Nyuma watu sita wamelala midomo wazi. Manyoni, afande akanisimamisha. Akamulika nyuma, akasikiliza mikoromo. Akamulika shati langu. Akamulika leseni, akarudi kwenye shati.

"Dereva, puliza hapa."

Nikapuliza. Kifaa kikasoma sifuri. Ni sifuri ya kwanza kujivunia tangu nilipoacha hesabu kidato cha pili, na hakukuwa na shahidi hata mmoja aliye macho.

Shemeji ni mtu wa shukrani, simlaumu kwa hilo. Tulipoachana Kahama alinikabidhi chupa moja nyekundu, ile yenye kizibo cha gome la mti, akasema ni ya dereva. Nilimkumbusha kwamba sinywi. Akasema anajua, ndiyo maana amechagua nzuri, itakaa. Mke wangu hakutaka itupwe kwa sababu ina umbo zuri. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya harusi, na pale ndipo ilipokuwa Alhamisi iliyopita mchungaji alipotutembelea bila taarifa.

Mke wangu alikimbilia jikoni kwenye chai. Mimi nikaongea kuhusu mvua. Nikaongea kuhusu bei ya pamba. Nikaongea kuhusu watoto, mmoja mmoja, hadi wakaisha. Mchungaji akaitikia vizuri, akainuka taratibu, akaenda kabatini. Nikasema moyoni, vidonda vya tumbo havitanisaidia hapa. Akaishika chupa shingoni, akaigeuzia mwanga wa dirisha, akasoma karatasi yake mbele na nyuma bila haraka. Akatazama upande wa jikoni, kisha akanigeukia mimi.

"Hii ni ile kavu," akauliza kwa sauti ya chini, "au ni tamu?"